Kompyuta ya Kijeshi Ilipopanda Kibakwe

Kijana unayesoma hapa, kama kompyuta yako mpakato iko karibu, ifunge, igeuze chini juu, uiangalie tumbo. Huenda utakuta stika ndogo, nyeusi au ya rangi ya fedha, yenye ngao, au nyota, au tai mwenye hasira, na maneno yanayotangaza kwamba mashine yako ni ya kiwango cha kijeshi. Ukiiona, usiibandue kwanza, na usiipigie saluti. Nisikilize.

Mimi ni mstaafu. Niliomba kuondoka kazini mara tu umri uliponiruhusu, kwa sababu macho yalianza kuzikataa skrubu ndogo na kiuno kikazikataa safari ndefu. Siku hizi nakaa Mkonze, kibarazani, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja wenye mashaka. Mchana wa kiangazi upepo unapovuma mfululizo kama mtu anayefagia nyumba isiyo na mwisho, nasinzia, na nikisinzia naota mashine. Hazinidai kitu. Zinapita tu mbele yangu, moja baada ya nyingine, kama ng'ombe wanaorudi bomani, nami nazitambua kwa sauti za feni zao: ile ya Mlali inayokohoa, ile ya Mpwapwa inayopiga mluzi, ile ya Kongwa ambayo haikuwahi kunyamaza hata ilipozimwa. Naziitikia. Mjukuu wangu anasema huwa naitikia kwa sauti.

Nilisoma chuo kikuu. Fizikia. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hilo lilikuwa jambo la kujivunia, mpaka nilipotambua kwamba kazi yangu hasa ilikuwa kutoa vumbi. Nilikuwa fundi wa kompyuta za shule katika ofisi moja ya umma mjini Dodoma. Walimu waliniita Bi Mwana, kwa kuwa jina langu ni Mwanaidi na kwetu ni Kondoa. Wanafunzi waliniita Mama Kompyuta. Wale watundu waliniita Mama Vumbi, na hao ndio walionielewa.

Vumbi letu, wanangu, halisimuliki kwa mtu asiyelijua. Ni laini kama unga wa uwele uliochekechwa mara mbili. Haliingii ndani ya mashine kwa nguvu, linaingia kwa subira. Unafungua kompyuta iliyokaa kiangazi kimoja tu katika ofisi ya shule, unakuta humo ndani nchi nzima: vilima, mabonde, njia za mchwa, na juu ya feni blanketi jekundu jepesi. Nilipokuwa kijana nililipuliza kwa mdomo. Usilipulize kwa mdomo. Mate ni maji, na maji na udongo ni tope, na shahada yangu ya fizikia haikunizuia kutengeneza tope ndani ya kompyuta ya afisa elimu. Tumia brashi laini, ya kupakia rangi, tena ishike feni kwa kidole isizunguke unapoisafisha.

Aliyenifundisha brashi ni mkuu wetu wa karakana, mhandisi aitwaye Bwana Chiwanga, mtu mrefu aliyeongea polepole kana kwamba kila neno lilipaswa kupimwa umeme kabla ya kutoka. Alikuwa na desturi moja. Mashine mpya ikiletwa, kabla hata ya kuiwasha, alizibandua stika zake zote kwa ukucha na kuzibandika kwenye mlango wa karakana. Mlango ule ulijaa ngao, nyota, radi na maneno ya sifa, ukawa unameremeta kama kifua cha jenerali.

"Mzee, kwa nini unazitoa?" nilimwuliza.

"Kazi yake imekwisha," alisema. "Stika ilikuwa inazungumza na mnunuzi. Sasa mashine imefika kwa mtumiaji. Hawa ni watu wawili tofauti, Bi Mwana, na mara nyingi hawajawahi kuonana."

Nilicheka. Nilikuwa bado mtu wa kucheka.

Kisha kuna Mlali. Hii nawasimulia kwa sababu ndipo nilipojifunza kwamba mashine haiishi katika maabara, inaishi na watu. Niliitwa na karani wa ofisi ya shule, mama mmoja mwenye adabu nyingi, akilalamika kwamba kompyuta yake inajizima kila ikifika saa nne asubuhi. Nilikuta amefunika mashine yote, kisanduku na kioo, kwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, chenye waridi kwenye pembe. Kilikuwa kizuri hata niliona haya kukishika. Nilipokiinua, joto lilitoka kama unapofunua sufuria ya ugali.

"Mama, unaifunika hata ikiwa imewashwa?"

"Sasa nikiwa naitumia ndipo wageni wanaingia," alijibu. "Nikaiache uchi mbele za watu?"

Niliona kwamba haikuwa na maana kumweleza habari za mzunguko wa hewa. Tulikubaliana kitambaa kihamie ukutani, nyuma ya mashine, ili mgeni akikitazama ajue kwamba nyumba hii ina heshima zake. Kompyuta haikujizima tena. Hakuna kiwanda duniani kinachopima mashine yake dhidi ya kitambaa cha waridi, lakini hapa kwetu kitambaa kimeua mashine nyingi kuliko kuanguka.

Nikirudi kwenye stika. Kuna wakati wa mvua, barabara zilipokatika na sikuwa na pa kwenda, nilikaa karakana nikausoma mwongozo ambao stika hizo hudai kuufuata. Ni mrefu, na umeandikwa kwa lugha inayoleta usingizi mtamu. Nilichoambulia ni hiki. Mwongozo huo si cheti. Ni kama kitabu cha mapishi: kimejaa namna za kujaribu vitu, namna ya kuvidondosha, kuvitikisa, kuvipulizia vumbi, kuvitia joto na baridi. Jeshi halipiti viwandani likigonga mihuri kwenye kompyuta zenu. Mtengenezaji mwenyewe huchagua majaribio anayotaka, na mara nyingi huyafanya mwenyewe, au humlipa mtu amfanyie. Anaweza kuidondosha mashine ikiwa imezimwa, juu ya ubao, ikiwa mpya kabisa, kisha akaandika kwamba imefaulu. Na kweli imefaulu. Wengine huweka stika kwa ajili ya vipande vichache tu vilivyomo ndani, vile vidubwana vinavyotunza umeme, na mnunuzi akadhani sifa ni ya mashine yote. Ni kama kusifu nyumba nzima kwa kuwa bawaba zake ni imara.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha stika, usimwambie ni uongo. Mwulize: imejaribiwa kwa lipi? Na nani? Ikiwa imewashwa au imelala? Kama anayo majibu, mheshimu. Kama hana, basi wote wawili mnaangalia picha ya tai.

Hayo niliyajua tayari siku niliyofahamiana na Mwalimu Ndahani. Kuyajua hakukunisaidia sana, na ndiyo sababu nawaandikia.

Mwalimu Ndahani alifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari huko Kibakwe, milimani, ambako asubuhi ukungu huingia madarasani bila kubisha hodi na wanafunzi huandika kwa vidole vilivyokunjwa. Presha ya macho ilimchukua nuru kidogo kidogo, kwanza pembeni, kisha katikati, mpaka ikabaki kama dirisha dogo, kisha dirisha nalo likafungwa. Hakuwa mpole wala mwenye huruma na mtu. Alikuwa mbishi, alipenda kuvaa tai, na aliwatania wenziwe mpaka wakawa wanatembea kwa kunyata wakipita karibu naye.

"Huyo ni Mwalimu Sanga," alikuwa anasema. "Ananyata lakini magoti yake yanasalimia."

Alipokuwa kijana alijifunza kupiga taipureta, hivyo vidole vyake viliijua kibodi. Mimi nilimwekea kwenye kompyuta ya mezani ya shule programu inayosoma maandishi kwa sauti. Wanafunzi walichapa insha zao kwa zamu, mashine ikamsomea, naye akasahihisha. Sauti yenyewe ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyefundishwa na mtu ambaye naye alikuwa mgeni. Ilikanyaga silabi zote kwa uzito uleule. Siku ya kwanza ilipomsomea sentensi, Mwalimu Ndahani aliinamisha kichwa kwa muda.

"Bi Mwana," alisema, "huyu mtu ametoka wapi?"

"Ametoka kwenye kompyuta, Mwalimu."

"Hapana, kabla ya hapo. Anaongea kama mtu aliyepigwa na kitu." Kisha akatabasamu. "Lakini anasoma. Mwambie aendelee."

Akaendelea, mpaka kompyuta ile ya mezani, ambayo ilikuwa mzee mwenye pumu, ikakata roho katikati ya muhula. Ndipo mambo yalipoanza kuwa mazito. Mkuu wa shule, Madamu Esta, alikuwa mtu mwema aliyebanwa. Alipata taarifa kwamba mthibiti ubora wa shule atapita, na kwamba miongoni mwa mengine ataketi katika somo la Mwalimu Ndahani, aone kama bado anaweza kufundisha na kusahihisha. Akionekana hawezi, atapendekezwa kustaafu kwa sababu za afya. Hakuna aliyelisema kwa ukali. Lilisemwa kwa upole, kwa sauti za chini, kama watu wanavyozungumza nje ya wodi.

Mwalimu Ndahani aliniambia kwenye simu: "Wanasema nitapumzika. Bi Mwana, nikikaa nyumbani nitakuwa kipofu. Hapa darasani mimi ni mwalimu."

Wanafunzi wake wa zamani walisikia. Wengine walikuwa wafanyabiashara mjini, wengine watumishi, wakachanga wamnunulie kompyuta mpakato. Mwenyekiti wao alikuwa Bwana Senyagwa, muuza alizeti, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alinijia karakana kuomba ushauri. Nikamwambia: nunua mashine ya kawaida, aina ambayo kila duka linayo, ununue na chaja mbili.

Alinitazama kama mtu niliyemtukania mama.

"Ya kawaida? Bi Mwana, barabara ya Kibakwe unaijua. Vumbi unalijua. Mwalimu haoni, ataigonga, ataiangusha. Halafu huyu ni mwalimu aliyenichapa mimi nikawa mtu. Mwalimu wetu hawezi kupewa mashine ya kiraia!"

Akanunua ya kijeshi. Nyeusi, nzito, yenye kona za mpira na stika ya ngao upande wa kulia. Nilipoishika kuiwekea ile programu ya kusoma, nilikiri moyoni kwamba ilishikika vizuri. Ilikuwa na uzito wa kitu kinachojiamini.

Makabidhiano yalifanyika katika bwalo la shule. Kulikuwa na kwaya, kulikuwa na soda, na Mwalimu Ndahani alikuwa amevaa tai mbili, ila moja ilikuwa mfukoni kwa dharura. Bwana Senyagwa alihutubia. Alieleza kiwango cha kijeshi kwa namna ambayo hata jeshi lenyewe lingejifunza kitu. Kisha, nadhani makofi ndiyo yaliyompandisha, aliinyanyua mashine juu ya kichwa, akaiachia.

Iliangukia sakafu ya saruji kwa kishindo.

"Nini kimeanguka?" aliuliza Mwalimu Ndahani.

"Macho yako, Mwalimu!" alijibu Bwana Senyagwa kwa furaha. "Lakini usijali!"

Aliiokota, akaibonyeza. Sekunde zile mimi sikupumua, na nadhani milima nayo haikupumua. Kisha ile sauti ngeni ikasema, kwa uzito uleule wa silabi: "Ka-ri-bu." Bwalo lililipuka kwa vigelegele. Bwana Senyagwa alinitazama juu ya vichwa vya watu, nami nikainua mikono. Stika ilikuwa imesema kweli. Sakafu ile haikuwa na ubao wowote, na mashine ilikuwa imelala tu, haikufa. Nilirudi Dodoma nikiwa nimenywea, nikijiambia kwamba shahada ya fizikia pamoja na kurasa zote nilizosoma zimeshindwa na muuza alizeti.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri. Mwalimu alinipigia mara kwa mara, bila shida yoyote, kunisomea makosa ya wanafunzi. Baridi haikuisumbua mashine, ukungu haukuisumbua, vumbi la njiani halikuisumbua. Wanafunzi waliibeba begani kama ngoma. Kwa kuwa ilikuwa ya kijeshi, hakuna aliyeihurumia, na kwa kweli haikutaka huruma.

Kisha, zikiwa zimebaki siku chache tu mthibiti afike, simu ikaita asubuhi, Mwalimu akanisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, Bi Mwana. Askari wako amelala."

"Amelalaje, Mwalimu? Anasemaje?"

"Hasemi kitu. Ndilo tatizo. Umeme ulikatika jana, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Mama Tabu amenusa harufu ya plastiki kwenye ile tofali ya waya."

Mama Tabu ni mkewe. Tofali ya waya ni chaja. Nikakaa kitini. Mnajua, wanangu, umeme wa milimani ukirudi hurudi na hasira za safari nzima. Ile mashine ilipimwa kwa kudondoshwa, kutikiswa, na kupuliziwa vumbi. Chaja yake ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilitoka katika sanduku lilelile, ina nembo ileile, lakini haikuwa na ngao. Nilikumbuka, kwa uchungu, kwamba hata baada ya kuusoma mwongozo sikumwuliza mtu yeyote habari za chaja. Askari alikwenda vitani na mpishi hakupewa kofia ya chuma.

Nilizunguka madukani mjini siku nzima. Upepo ulikuwa unarusha mifuko ya plastiki na matangazo ya mikutano, jua lilikuwa jeupe, na watu walionekana kama wanaogelea polepole katika mwanga. Katika duka la mwisho muuzaji aliigeuzageuza simu yangu, akitazama picha ya pini niliyotumiwa kutoka Kibakwe.

"Mama, shikamoo, lakini pini hii Dodoma huipati. Labda Dar. Labda hata Dar uagizie."

"Marahaba. Na ya kawaida?"

"Ya kawaida? Chagua." Akafungua droo. Zilikuwa zimelala humo kama kambare kwenye beseni. "Unanunuaje mashine ambayo chakula chake hakiuzwi sokoni?"

Ninyi ndio nawajibu. Ubora wa mashine, hapa tunapoishi, una maswali mawili: itaanguka lini, na ikianguka nani ataiinua. Stika inajibu la kwanza, na inalijibu nusu. La pili hulijibu muuza duka mwenye droo.

Nilichukua chaja ya kawaida. Hapa sikilizeni vizuri, maana hiki ndicho nilichobakiwa nacho cha kuwarithisha. Volti lazima zilingane na za ile iliyokufa, si karibu, zilingane. Ampea zisipungue, zikizidi si neno, mashine hunywa kiasi inachotaka. Halafu chanya na hasi usizibahatishe kwa rangi za waya. Pima kwa mita, kila mara, hata kama fundi aliyekutangulia ni baba yako. Na ukiunga, lehemu. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa utepe wa gundi ni ahadi, si kazi.

Nilipanda Kibakwe alfajiri ya siku ileile ya ukaguzi, kwa sababu gari la siku iliyotangulia liliharibika Mpwapwa, nami nikalala kwa shemeji. Nilifika shuleni ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba majengo yalitokea moja moja, kama yanakumbukwa. Katika chumba cha walimu nilikata pini ya chaja iliyokufa, nikaiunganisha na mwili wa chaja iliyo hai. Ndani ya waya ule wa kijeshi nilikuta uzi wa tatu, mwembamba kama unywele. Kazi ya uzi huo ni kuinong'oneza mashine jina la chaja. Chaja yangu mpya haikuwa na jina la kunong'ona.

Mwalimu Ndahani alikuwa ameketi kando yangu, mikono juu ya magoti, akinusa moshi wa kulehemu.

"Mpe ukweli mgonjwa," alisema.

"Itawaka. Lakini haitamtambua anayeilisha. Itakubali kufanya kazi na itakataa kujaza betri. Umeme wa shule ukikatika, inazimika papo hapo."

"Kama mimi na mshahara," alisema. Kisha akaikaza tai. "Bi Mwana, usikae mlangoni. Kaa nyuma darasani. Nataka kujua kwamba kuna mtu mmoja anayekohoa kwa upande wangu."

Nilikaa nyuma, karibu na mthibiti ubora, mwanamume mpole mwenye miwani minene na kalamu mbili. Kidato cha tatu walisimama, wakasalimia, wakaketi. Mwalimu Ndahani aliiweka mashine mezani, stika ya ngao ikiwaelekea wanafunzi. Akatangaza kwamba watasikiliza insha ya Pendo kuhusu mvua ya kwanza, kisha wataijadili. Akabonyeza. Ile sauti ikaanza, silabi kwa silabi, nje ukungu ukitembea dirishani, na mimi nikajikuta karibu kusinzia kwa utulivu ule, kama mtu aliyewekewa mkono kichwani.

"Bibi a-ka-toa ndo-o zote nje. A-ka-si-ma-ma ka-ti-ka-ti ya-ke. Mvua ili-po—"

Taa ya darasani ikazimika. Mashine ikazimika.

Mthibiti aliinua kalamu. Nilikohoa. Sikuwa na kitu kingine cha kutoa, nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

Mwalimu Ndahani hakusogea. Vidole vyake vilibaki juu ya kibodi, vikingoja. Kisha kutoka dawati la tatu sauti ya msichana ikasema, kwa uzito uleule wa silabi zote, bila kuteleza hata moja: "—a-nza ku-nye-sha, bibi ha-ku-ki-mbia."

Ilikuwa sauti ya mashine yenyewe, imetoka katika mdomo wa Pendo, ambaye alikuwa amesimama na uso mkavu kabisa. Darasa liliangua kicheko. Hata mthibiti alishika mdomo.

"Kimya," alisema Mwalimu, naye akijizuia. "Mgeni wetu anaendelea kusoma. Pendo, sasa soma kwa mdomo uliopewa na Mungu."

Akasoma. Mwalimu akamsimamisha. "Rudi aya ya pili, sentensi ya mwisho. Umesema mvua ilinyesha kwa furaha. Nani alikuwa na furaha, mvua au bibi?"

"Wote, Mwalimu."

"Mvua umeiulizaje?"

"Sikuiuliza. Bibi alijibu kwa niaba yake."

"Hapo sasa," alisema Mwalimu Ndahani, na uso wake ukafunguka. "Hilo ndilo ulipaswa kuandika. Wote, chukueni daftari. Andikeni jibu la bibi." Alitembea kati ya madawati akigusa pembe zake kwa vidole, akiuliza mmoja mmoja ameandika nini, akimsahihisha huyu ngeli, akimtania yule kwamba bibi yake anaongea kama karani wa mahakama. Mashine ilibaki mezani, nyeusi, nzito, imara, na kimya.

Kengele ilipokaribia mthibiti alisimama. "Mwalimu, swali moja tu. Mashine hii ikifa kabisa utafanyaje?"

"Na wewe, Mheshimiwa, miwani yako ikivunjika?"

Darasa halikucheka safari hii. Mthibiti alivua miwani, akaitazama, akaivaa. "Nitatafuta nyingine," alisema. "Na wakati ikitafutwa, nitamwomba mtu anisomee."

"Basi."

Mthibiti alimgeukia Madamu Esta aliyekuwa amesimama mlangoni. "Kidato cha nne wana mwalimu wa Kiswahili?"

"Hawana tangu mwanzo wa muhula, Mheshimiwa. Tunagawana."

"Mpangieni huyu."

Mwalimu Ndahani alikuwa amesikia, bila shaka, alisikia kila kitu. Aliinua kidevu. "Kidato cha nne wana insha ndefu."

"Ndiyo maana," alisema mthibiti, akatoka nje, akaingia kwenye ukungu, nao ukamfunga nyuma yake kama pazia.

Nilikwenda mezani kukusanya waya wangu. Mwalimu Ndahani alinishika mkono, akaushika kwa muda mrefu kidogo kuliko desturi.

"Umeme bado, Bi Mwana?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi kaa. Gari lako haliondoki kabla ukungu haujapanda." Akageukia darasa. "Nani amemaliza jibu la bibi?"

Nikaketi kwenye dawati la nyuma, kwenye kiti kidogo kuliko mimi. Mtoto mmoja upande wa dirishani akasimama, akafungua daftari, akaanza kusoma.